Uzi: Dodoso za afya ya akili kwa Kiswahili, na ukoloni uliojificha kwenye "kujisikia chini"

Fundi_Dodoso (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mada ya kuondoa ukoloni kwenye saikolojia huwa inaibuka humu, Freud anatukanwa, methali kumi zinabandikwa, na uzi unakufa. Aliyekuja akiwa na kazi mkononi anaondoka mikono mitupu. Naomba huu tuushikilie kwenye kitu kimoja kinachoshikika: karatasi ya maswali.

Chukueni PHQ-9, dodoso la kupima sonona (huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa), maana ndiyo iliyozagaa kwenye kliniki na tasnifu zetu. Maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na wengi wanachora mstari kwenye 10: ukifika hapo unahesabiwa una dalili za sonona. Ilitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida za huko, na huko imefanya kazi yake vizuri tu.

Swali la pili kwa Kiingereza linatumia neno la "chini" kwa maana ya huzuni. Mfasiri mwenye haraka anaandika "umekuwa ukijisikia chini". Mama wa Kilwa akiulizwa hivyo atatazama mkeka aliokalia.

Sasa tazameni kinachofuata, maana ndipo penye uzi wenyewe. Utaratibu unataka mtu wa pili airudishe tafsiri kwenye Kiingereza bila kuona asili. Huyo naye ni msomi, Kiingereza anacho. Akiona "kujisikia chini" anajua mara moja kilichokusudiwa, anarudisha neno lilelile la mwanzo, na kamati inapiga muhuri. Tafsiri mbovu imefaulu kwa mia. Yule aliyeandika "moyo wako umekuwa mzito", ambayo mama angeielewa bila kurudiwa, tafsiri yake inarudi ikiwa na neno "moyo" ndani, na kamati inaandika pembeni: haifanani na asili. Yaani kipimo cha Kiswahili kizuri kimekuwa ni Kiingereza kinachotoka upande wa pili, na anayeulizwa hana kura.

Mitego mingine ninayoomba mhakiki kwenye dodoso zenu leo hii:

"Mawazo". Kwetu mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye dhiki. "Ana mawazo sana siku hizi" haihitaji maelezo. Ukiuliza "je, huwa una mawazo yanayojirudia?" ukikusudia fikra tu, umeshauliza kuhusu huzuni bila kujua.

"Kujiona" na "kujisikia". Dodoso la kujithamini la Rosenberg, lile la maswali 10, likifasiriwa linajaa "najiona mtu wa maana" na wenzake. Mtaani "anajiona" na "anajisikia" ni sifa ya mtu mwenye maringo. Mwenye adabu zake anakana, na unamwandikia kujithamini kwa chini.

"Zaidi ya nusu ya siku". Hili ni jibu la alama 2 kwenye PHQ-9, maana yake siku 8 au zaidi kati ya 14 zilizopita. Msikilizaji anasikia zaidi ya saa 12. Anakujibu kuhusu jana.

Na ndiyo yetu. Ukisema "huna cha kujivunia?" Mswahili anayekubali atajibu "ndiyo", yaani ndiyo, sina. Mwingereza kwa maana hiyohiyo atasema hapana. Rosenberg ina sentensi 5 za kukanusha ambazo alama zake hugeuzwa. Msaili akisoma sentensi kama swali, ndiyo hizo zinaingia kwenye kompyuta kichwa chini miguu juu, na baadaye mtu anaandika kwamba "Waafrika wana muundo tofauti wa nafsi".

---

Chipukizi_MA

Shikamoo mkuu. Nimeelewa ugonjwa, naomba dawa. Msimamizi anataka tafsiri ya kwenda na kurudi, hilo halina mjadala. Muda ni miezi minne na hela ni ya nauli tu. Mtu anaanzia wapi?

---

Fundi_Dodoso

Marahaba. Tafsiri ya kwenda na kurudi ifanye, lakini iweke kazi yake: kukamata sentensi iliyorukwa au tarakimu iliyokosewa. Kwenye jedwali lako ongeza safu moja kati ya asili na Kiswahili, uandike kila swali linatafuta nini kwa maneno ya kawaida. Kamati ihukumu kwa safu hiyo, isihukumu kwa Kiingereza kilichorudi.

Kabla ya hapo kuna kazi ya wiki sita hivi. Njia hii haikuanzia kwangu. Mtafiti Paul Bolton na wenzake waliitumia Rwanda baada ya mauaji ya kimbari na Uganda kusini kwenye vijiji vilivyopigwa na ukimwi.

Kwanza orodha huru. Tafuta watu 30 hadi 40, wake kwa waume, na swali ni moja: "Taja matatizo yote wanayoyapata watu wa hapa kwa sababu ya jambo fulani." Jambo lenyewe unalijua wewe: msiba, njaa, ugonjwa. Ukichoka kusikia, uliza "na lingine?" mara tatu zaidi. Andika neno alilosema, usiandike ulivyolielewa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: msaili anasikia "moyo unaniungulia kwa mambo ya nyumbani", anaandika "msongo wa mawazo", na kazi yote imekwisha siku ileile. Kosa la pili ni kumtuma nesi akiwa na sare. Watu watamtajia malaria na presha, kwa sababu hivyo ndivyo sare inavyouliza.

Pili, wajuzi. Waulize walewale wa orodha huru: mtu akiwa na tatizo hili humwendea nani? Majina yatakayojirudia ndiyo unayoyataka, mara nyingi ni mkunga, sheikh, mzee wa kanisa, kungwi. Watu 10 hadi 15 wanatosha, kila mmoja mara mbili. Mara ya kwanza atakupa adabu, mara ya pili atakupa habari.

Tatu, kadi. Kila neno la dhiki liandike kwenye kadi yake, soma kwa sauti kwa asiyesoma, umwambie apange mafungu ya "yanayotembea pamoja". Usimwambie mafungu mangapi. Watu 20 hadi 30. Rwanda njia hizi zilitoa neno agahinda, huzuni nzito yenye dalili zake, na guhahamuka, hali ya kushtuka na kuvurugika. Uganda zilitoa yo'kwekyawa, yaani kujichukia, pamoja na jingine la kujihurumia. Yote mawili yalikaribiana na sonona ya vitabuni lakini hayakulingana nayo, maana yalikuwa na dalili za ziada walizozitaja watu wenyewe.

Nne, weka PHQ-9 pembeni ya mafungu yako. Maswali 9 yabaki yalivyo ili uweze kujilinganisha na wengine. Maswali ya mtaani yaongeze mwishoni, yawe na jumla yake. Ukiyachanganya ndani ya ile 27 hakuna mtu duniani atakayejua namba yako inasema nini.

Tano, mahojiano ya ufahamu. Watu 5 hadi 8 kwa duru. Unamsomea swali, anajibu, kisha: "Hebu niambie swali hili kwa maneno yako." Halafu: "Umesema siku kadhaa. Zipi?" Rekebisha, rudi kwa wengine wapya. Kwa kawaida duru ya tatu ndiyo inayotulia. Kwa lile tatizo la nusu ya siku, chukua kete 14 za bao, zimwage mkekani, mwambie atenge siku ambazo hali ile ilikuwapo. Ukitumia kete, tumia kwa wote, siyo kwa wazee tu.

Miezi minne inatosha ukianza na kibali cha maadili mapema. Kibali ndicho kinachokula muda, kijiji hakina shida.

---

Mbishi_Daima

Samahani wakuu, mimi naona mnaipa kemia siasa. Sonona ni ugonjwa. Kisukari hakina kabila, ubongo hauna kabila. Mkishaanza "ya kwetu" na "ya kwao" mtaishia kusema dawa za wazungu hazifanyi kazi kwa mtu mweusi.

---

Kumbukumbu_Kavu

Mbishi, umegusa kidonda penyewe, lakini umeshika upande usio wake. Aliyesema Mwafrika ni tofauti alikuwa mkoloni.

J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938 akiwa daktari wa kawaida asiye na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na ndani yake Mwafrika wa kawaida anafananishwa na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamchapishia kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wanadai ardhi wakaandikwa kama watu waliochanganyikiwa na mabadiliko.

Lakini tuje kwenye hesabu, maana uzi huu ni wa vipimo. Carothers alidai sonona ni adimu kwa Waafrika. Alijuaje? Kwa kuhesabu waliolazwa Mathari. Na nani alikuwa analazwa Mathari enzi hizo? Mara nyingi aliyefanya fujo mjini, akakamatwa, akapelekwa na polisi au mahakama. Mwanamke wa Murang'a asiyelala, asiyekula, anayekaa kimya pembeni ya jiko, hakuna askari aliyekwenda kumkamata. Daktari akahesabu waliofika kwake, akaandika juu ya bara zima.

Walipohesabu vijijini mambo yakageuka. Madaktari wa akili Adeoye Lambo na Alexander Leighton walipima vijiji vya Wayoruba, Nigeria, wakachapisha mwaka 1963: dalili za sonona zilikuwapo, tena si haba. John Orley na John Wing wakafanya vijiji viwili vya Uganda, wakachapisha mwaka 1979: sonona ilikuwa nyingi kuliko kwa wanawake wa London waliopimwa kwa mahojiano ya aina ileile.

Kwa hiyo "utamaduni wao ni tofauti" nalo ni neno lililokwisha kutumika kututawala. Anayelitumia leo alichunge.

---

Mbishi_Daima

Hapo umenipata nusu. Sasa mseme moja: sisi ni sawa na wao au ni tofauti?

---

Fundi_Dodoso

Yoyote utakayojibu kabla ya kupima utakuwa umeikosea. Kama unataka mfano wa kula huku na huku: wale wa Uganda waliokusanya neno la kujichukia walichukua tiba ya mazungumzo ya kikundi iliyotengenezwa Marekani, wakaijaribu vijiji 30, 15 vya wanaume na 15 vya wanawake, vikao 16 vya kila wiki, dakika 90 kila kikao. Matokeo yalitoka mwaka 2003: alama za sonona zilishuka kwa wastani wa 17.47 kwa waliopata vikao, na 3.55 kwa wasiopata. Tiba ilitoka nje, kipimo kilitoka kijijini.

Wakapima na kitu cha pili ambacho wengi humu mnakisahau: utendaji. Waliuliza kijijini mwanamke anatakiwa afanye nini na mwanamume afanye nini, wakatengeneza orodha mbili. Kulima, kupika, kuhudhuria msiba wa jirani. Mtu anayepona sonona anatakiwa aonekane na msibani, siyo kwenye alama tu.

---

Mwalimu_Nzelu

Niongeze upande wa akili, maana huko ndiko watoto wetu wanakoumizwa.

Mwanasaikolojia Robert Serpell alikaa Zambia miaka mingi. Kwa Wachewa wa Mkoa wa Mashariki neno nzelu lina sehemu mbili: wepesi wa kuelewa, na kutumika, yaani mtoto akitumwa anakwenda, anafika, anarudi na chenji kamili. Mtoto mwenye sehemu ya kwanza bila ya pili hasifiwi, anaogopwa. Upande wa Kenya, utafiti wa Elena Grigorenko na wenzake ulikuta Wajaluo wana maneno manne: rieko, luoro, paro na winjo. Rieko ndilo lililo karibu na akili za shule. Luoro ni heshima na kuwajibika.

Kiswahili mnakijua. Mtoto akipita bila kusalimia wanasema "hana akili huyu", na hakuna aliyempima hesabu. Tuna akili, werevu, ujanja, busara, hekima, na kila moja ina umri wake: mtoto hana hekima, na mzee mjanja si sifa. Mtu akija na dodoso "je, mtoto wako ana akili?" kisha akalilinganisha na mtihani wa maumbo, analinganisha ndimu na ndama.

Jaribio la kukumbuka ni la Serpell, lilitoka mwaka 1979. Watoto wa Lusaka na wa Manchester waliambiwa waige maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza wakashinda. Kwa waya, Wazambia wakashinda, maana huko watoto wanajitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wakatoka sare. Kinachopimwa ni kilekile, kuona umbo na kuliiga. Aliyechagua kalamu ndiye aliyechagua mshindi.

Na karibu na Bagamoyo, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapa wanafunzi mafumbo, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyaendea, wakawapima tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani wa juu nani wa chini ukabadilika. Kwa mwalimu maana yake ni hii: mtoto asiyewahi kuona aina ile ya swali, alama yake ya mara ya kwanza inapima ugeni. Mpe mifano mitatu ya kujaribu, isiyohesabiwa, ndipo uanze.

---

Bi_Mlezi

Mwalimu asante. Nami nilete la malezi, kwa ufupi.

Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mama, ile inayofundishwa kila chuo, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianzia kuichunguza Buganda. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa vijiji vya karibu na Kampala, akifuatilia familia 26 majumbani mwao. Kitabu kikatoka mwaka 1967. Baadaye, Baltimore, likazaliwa jaribio la chumba: mama, mtoto, mgeni, vipande 8, vingi vyake vya dakika tatu tatu, mama anatoka na kurudi mara mbili. Chumba hicho ndicho kilichozunguka dunia na kurudi Afrika kama kipimo.

Kinapokwama ni hapa. Mtoto aliyezoea bibi, shangazi, dada wa miaka tisa na jirani hashtuki mgeni akiingia, na mama akirudi hamrukii. Kwenye fomu anaandikwa "anamkwepa mama". Upande wa pili kuna mtoto wa mgongoni ambaye hajawahi kuachwa peke yake chumbani. Huyo atalia mpaka jaribio lisimamishwe. Kwa vyovyote fomu inajaa.

Ukitaka kupima malezi, fanya kama alivyofanya Ainsworth mwenyewe kabla ya chumba: kaa uani saa mbili, rudi baada ya wiki mbili, andika nani alimbeba, nani alimlisha, akilia nani alifika kwanza. Watu wote walioko uani waingie kwenye karatasi. Ukiweka safu moja tu ya "mama", umeshaamua jibu.

---

Nesi_Zamu

Swali la 9 la PHQ-9, lile la kutamani kufa. Mnalifasiri vipi? Ukilisoma kavu unaambiwa astaghfirullah na mazungumzo yanakwisha.

---

Fundi_Dodoso

Nesi, usiliruke na usililainishe mpaka likose maana. Panda ngazi: "Kuna wakati uliona maisha yamekuchosha?" Kisha: "Ulitamani ulale usiamke?" Kisha: "Umefikiria kujidhuru mwenyewe?" Alama unaitoa kwa swali lenyewe, ngazi za kwanza ni za kumfungulia mlango. Usitumie "kujinyonga" kama jina la jumla, kwa sababu mwenye kufikiria sumu atakujibu hapana bila kusema uongo.

Kumbuka pia kwamba kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kujaribu kujiua ni kosa, kwa hiyo mtu anayekukatalia huenda anajilinda. Mwambie mwanzoni karatasi inakwenda wapi. Na usiulize kabisa kama hujapanga akisema ndiyo anakwenda kwa nani, leo, kwa nauli ya nani.

---

MzeeWaTakwimu

Nimesoma kimya sasa niseme la hesabu, maana humu watu wanapenda maneno.

Alfa, ile namba ya kuonesha maswali yanakwenda pamoja kiasi gani, hata ikiwa 0.85 siyo ushahidi kwamba dodoso lako ni zuri. Mjibu anayekuogopa na kusema ndiyo kwa kila kitu anakupandishia alfa.

Kuchambua muundo wa maswali, usishuke chini ya watu 200, na kama maswali ni zaidi ya 20 hesabu 10 kwa kila swali. Kutafuta mstari wa kukata, unahitaji walau wagonjwa 50 waliothibitishwa, na hapo ndipo penye mduara: nani anathibitisha? Daktari akithibitisha kwa mahojiano yaliyotoka kitabu kilekile kilichozaa dodoso, umepima kitabu kwa kitabu. Bolton kule Rwanda alikwepa hivi: aliwauliza wanakijiji nani ana lile tatizo wanaloliita kwa jina lao, akamuuliza na mhusika mwenyewe. Waliokubaliana "anayo" wakawa kundi la kwanza, waliokubaliana "hana" la pili, kisha akaangalia kama dodoso linawatofautisha. Njia hiyo haina daktari na bado ni kipimo.

Mstari wa 10 usiuazime bila kuujaribu. Fanya hesabu hii kwenye karatasi: watu 1,000, wagonjwa wa kweli 100. Dodoso linakamata 80 kati ya kila wagonjwa 100, na linawaachia wazima 80 kati ya kila 100. Utapata wagonjwa 80 wa kweli na wazima 180 waliosingiziwa. Waliokutwa na tatizo ni 260, wa kweli hawafiki theluthi moja. Halafu gazeti linaandika mkoa mzima una sonona.

La mwisho, swali linaloonea. Chukua watu wenye jumla ileile, wagawe wake na waume, angalia swali mojamoja. Swali la usingizi kwa mama anayenyonyesha linapanda bila yeye kuwa na huzuni. Swali la uchovu kwa mvunja kokoto, hivyohivyo. Usilifute kimyakimya, ripoti, na uoneshe jumla yenye swali hilo na isiyo nalo.

---

Goma_Kwetu

Wandugu, musisahau Kiswahili siyo kimoja. Dodoso ya Dar ikifika Goma ao Bukavu, mutu anaisikia kama hotuba ya redio: anaelewa, lakini haimugusi. Huku mugonjwa anasema "kichwa inaniluma", "sonona" hamujui kabisa. Na akiulizwa kwa Kiswahili sanifu, anajikaza na yeye kujibu kisanifu, maneno yake ya ndani anayaficha. Mashirika yanaleta karatasi ya Nairobi, wanasema lugha ni ileile.

---

Fundi_Dodoso

Goma_Kwetu umesema kweli. "Sonona" hata Tanzania ni neno la vyuoni. Ukilitumia kwenye swali unampima elimu. Ukihamisha dodoso kutoka Dar kwenda Bukavu, hatua ya tano irudiwe yote, duru mbili kwa uchache. Hatua ya kwanza hadi ya tatu ikiwezekana nazo.

---

Chipukizi_MA

Na baada ya kupima? Tiba nayo tunaigeuza vipi? Wengine wanasema tuwarudie waganga.

---

Kumbukumbu_Kavu

Mifano mitatu, kila mmoja na ubovu wake.

Frantz Fanon, daktari wa akili na mwandishi mpinga ukoloni, alipofika hospitali ya Blida, Aljeria, mwaka 1953 alipeleka utaratibu aliojifunza Ufaransa: vikao, sherehe, gazeti la wodi. Kwa wanawake wa Kizungu ulifanya kazi. Kwa wanaume Waislamu ulifeli kabisa, na Fanon mwenyewe na msaidizi wake Azoulay waliandika kwamba kosa lilikuwa lao, walidhani mtu ni mtu. Wakafungua mkahawa wa kahawa ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakaleta msimulia hadithi. Mpinga ukoloni mkubwa kuliko wote naye alianza kwa kunakili.

Lambo huko Aro, Abeokuta, kuanzia 1954 aliwaweka wagonjwa kwenye vijiji vya kuzunguka hospitali, kila mmoja na ndugu wa kumpikia na kumfulia, na akafanya kazi na waganga wa jadi. Waganga walimsaidia kujua nani ni nani na ugonjwa unaitwaje. Dawa za hospitali hazikuondolewa. Anayetaja Aro ili ahalalishe minyororo na kufungwa mtini hajaisoma.

Wa tatu ni benchi la Zimbabwe la daktari wa akili Dixon Chibanda, ambapo bibi waliofunzwa huketi na mwenye dhiki wakazungumza. Lilianza 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare. Kipimo ni dodoso la maswali 14 lililotengenezwa kutokana na maneno ya Washona wenyewe, na neno kuu ni kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa damu wa "mawazo" yetu. Jaribio la kliniki 24 na watu 573 lilichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na wastani wa alama 3.81 kwenye dodoso hilo, wa huduma ya kawaida 8.90. Bibi hawakuachwa wapige soga: vikao ni 6, njia ni ya kutatua tatizo moja baada ya jingine, na wanasimamiwa.

---

Chipukizi_MA

Nashukuru sana. Niwawekee swali la 8 nililofasiri, mnipasue:

"Umekuwa ukitembea au kuongea polepole kiasi kwamba watu wengine wangeweza kugundua, au kinyume chake, kuwa na wasiwasi au kutotulia kiasi kwamba umekuwa ukizunguka zaidi ya kawaida?"

---

Fundi_Dodoso

Hapo kuna maswali mawili yamefungwa kamba moja, na kosa hilo ni la asili, si lako. "Kinyume chake" hakuna anayeisema akiwa ameketi na mgonjwa. "Wasiwasi" ni hofu, siyo kutotulia, utakuwa umeingiza ugonjwa mwingine. "Polepole" Pwani ni sifa. Yapasue, uchukue alama ya juu kati ya mawili na kuiweka kama swali la 8, jumla ibaki 27:

8a. "Katika siku 14 hizi, watu wa nyumbani wamekuona umezubaa, unatembea au unaongea kwa uzito kuliko ulivyozoeleka?"

8b. "Katika siku 14 hizi, umeshindwa kutulia, ukikaa unainuka, ukiinuka hujui unakwenda wapi?"

Kwenye tasnifu andika wazi kwamba umepasua. Na 8b ijaribu kwanza kwa vijana wa bodaboda. Toleo lako la "kuzunguka zaidi ya kawaida" kwao ni siku yenye abiria wengi.